Kifutio Kinachochora

Miongoni mwa zana zote zipatikanazo katika programu za kuchorea kwa kompyuta, hapana yenye jina la kawaida zaidi kuliko kifutio, wala hapana iliyo ngeni zaidi kwa tabia yake. Mwanafunzi aliyezoea raba tangu shule ya msingi huiona alama yake kwenye skrini, akadhani amekutana na rafiki wa zamani. Rafiki huyo amebadilika kabisa. Hata hivyo, katika masomo mengi ya uchoraji wa kompyuta hutambulishwa kana kwamba ni yuleyule, na jambo hilo lina gharama: linawanyima wanafunzi somo zuri la jiometri, somo ambalo lingeweza kufundishwa hata katika shule isiyo na kompyuta hata moja.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili anayechora seli ya mmea kwa kalamu ya kibao cha kuchorea. (Kibao hiki kisichanganywe na kishikwambi, ni ubao mwembamba unaounganishwa na kompyuta, nao huipeleka miendo ya kalamu kwenye skrini.) Amechora umbo lililofungwa, akalijaza rangi ya kijani, akaliwekea ukingoni mstari mweusi kuwa ukuta wa seli. Upande mmoja mkono umeteleza na ukuta umevimba nje. Anaigeuza kalamu, anasugua kivimbe kile kwa ncha ya nyuma, na kivimbe kinatoweka. Lakini mahali kifutio kilipopita pana sasa mstari mweusi mpya, wa unene uleule, unaofuata kila mtikisiko wa mkono wake. Anausugua mstari huo nao unatoweka, na mwingine unatokea ndani zaidi. Akiendelea hivyo seli itapungua hadi kwisha, na hata kipande cha mwisho kitakachosalia kitakuwa kimezungukwa na mstari mweusi.

Mwanafunzi huyo atasema kwamba kompyuta ni mbovu. Kompyuta si mbovu hata kidogo. Imeagizwa kutoa umbo moja katika umbo jingine, ikatoa. Na kwa kuwa umbo lililosalia lina ukingo, na ukingo umeamriwa kuwa mweusi, imeupaka weusi. Kwa maneno mengine, kifutio hicho kimechora. Asiyeuelewa ukweli huo atagombana na chombo siku zote, na anayeuelewa ameingia katika moyo wa uchoraji wa vekta.

Jina lenyewe ndilo chanzo cha utata. Raba ya kufutia penseli ilikwisha kujulikana Uingereza mwaka 1770, wakati mwanasayansi Joseph Priestley alipoitaja kuwa ni kitu kifaacho kufuta alama za penseli kwenye karatasi. Kabla yake watu walitumia makombo ya mkate. Mwaka 1858 Hymen Lipman wa Marekani alipewa hataza ya penseli yenye raba upande wa nyuma, na mwaka 1875 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaibatilisha, ikiona kwamba kuviunganisha vitu viwili vya zamani bila kupata kazi mpya si uvumbuzi. Huenda mahakama ilikuwa na haki. Lakini mkono wa binadamu uliipenda penseli ile, ukajifunza kuigeuza bila kufikiri. Watengenezaji wa vibao vya kuchorea waliitegemea desturi hiyo walipoweka kifutio nyuma ya kalamu zao. Waliupa mkono kitu ulichokizoea, ingawa kazi inayofanyika ndani ya kompyuta haifanani kabisa na kusugua karatasi.

Ili kuiona tofauti hiyo yafaa kukumbuka kwamba kompyuta huzihifadhi picha kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya vitone, yaani pikseli. Picha yenye vitone 1,000 kwa upana na 1,000 kwa urefu ni orodha ya rangi za vitone 1,000,000, basi. Katika picha ya namna hii kifutio hufanya kazi inayokaribiana na ile ya raba: kila kitone kilichoguswa hupewa rangi ya karatasi, au hufanywa kiwe wazi. Hakuna anayejua wala kujali kwamba vitone fulani vilikuwa duara na vingine vilikuwa herufi.

Njia ya pili ni ya vekta, na hapa hakuna vitone vya kufuta. Kinachohifadhiwa ni maelezo: kuna umbo, linaanzia nukta hii, linapinda hivi hadi nukta ile, ndani lina rangi fulani, ukingoni lina mstari wa unene fulani. Skrini huonyesha vitone kwa sababu skrini imeumbwa hivyo, lakini mchoro wenyewe ni hati. Katika mfumo wa SVG, uliopitishwa kuwa kanuni ya kimataifa ya wavuti mwaka 2001, hati hiyo ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Faida zake zinafahamika: mchoro waweza kukuzwa kuwa bango la ukutani bila kuharibika, na neno lililoandikwa ndani yake laweza kubadilishwa baada ya miaka mingi. Lakini hati haisuguliwi. Hati huhaririwa. Basi programu inapopokea amri ya kufuta, hailazimiki kujiuliza ni vitone gani viondoke. Swali lake ni gumu zaidi: ni maelezo gani mapya yatakayolieleza umbo lililobaki?

Swali hilo linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndimo lilimo somo lenyewe. Njia iliyopitwa na kifutio nayo ni umbo, lenye upana wake na kingo zake. Umbo la seli ni seti ya nukta. Umbo la kifutio ni seti nyingine. Kinachotakiwa ni nukta zote zilizomo katika seti ya kwanza na zisizokuwamo katika ya pili. Mwanafunzi aliyejifunza seti kwa michoro ya Venn amekwisha kuifahamu nadharia yote ya kifutio. Kinachobaki ni kazi ya mikono: kutafuta mahali kingo za maumbo mawili zinapokatana, kuzikata hapo, kutupa vipande visivyotakiwa, na kuviunga vilivyobaki. Kazi hiyo si nyepesi. Mistari iliyonyooka miwili hukatana mahali pamoja tu, lakini mipindo miwili ya namna itumiwayo katika programu hizi yaweza kukatana hadi mahali 9.

Mipindo hiyo ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati aliyeajiriwa na Citroën, alipata njia ya kuueleza mpindo kwa nukta chache za kuongoza. Kampuni iliifanya kazi yake kuwa siri. Mhandisi Pierre Bézier wa Renault, aliyeifikia mipindo hiyohiyo kwa njia yake, alichapisha matokeo yake katika miaka ya 1960, na dunia ikaiita mipindo ya Bézier. Historia ya sayansi ina dhuluma ndogondogo za aina hii. Njia ya kuukata mpindo, angalau, imebaki na jina la de Casteljau, nayo ni nyepesi kiasi kwamba inahitaji rula, penseli na karatasi ya miraba tu.

Mwalimu achore ubaoni nukta nne: A (0,0), B (0,8), C (8,8) na D (8,0). Mpindo unaanza A na kuishia D. B na C haziguswi, bali zinauvuta mpindo kuelekea kwao, kama watu wawili wanaovuta kamba. Sasa itafutwe nukta ya katikati ya kila upande. Katikati ya A na B ni (0,4); katikati ya B na C ni (4,8); katikati ya C na D ni (8,4). Nukta hizo tatu mpya zinafanya pande mbili, na nukta zake za katikati ni (2,6) na (6,6). Hizi mbili nazo zinafanya upande mmoja, na katikati yake ni (4,6). Nukta hiyo ya mwisho imo juu ya mpindo wenyewe, nao umekatwa hapo vipande viwili. Kipande cha kushoto kinaongozwa na (0,0), (0,4), (2,6) na (4,6). Cha kulia kinaongozwa na (4,6), (6,6), (8,4) na (8,0). Hakuna kukadiria katika jambo hili. Vipande viwili vikiwekwa pamoja ni mpindo uleule wa mwanzo, bila tofauti hata ya unywele. Kama mpindo unapaswa kukatwa si katikati bali katika robo, basi kila upande hugawanywa katika robo yake. Hesabu nyingine haihitajiki.

Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo mara mbili tatu kwa mkono wake ataelewa kwa nini kifutio huzaa nodi mpya. Kila mkato ni mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine, na kila mwisho sharti uandikwe katika hati. Duara ambalo lilikuwa na nodi 4 likipitiwa na kifutio mara chache laweza kupata makumi ya nodi, maana juu ya mikato yake lenyewe limerithi pia kingo za njia ya kifutio pamoja na mitikisiko yote ya mkono.

Mitikisiko hiyo inaingiaje? Hapa kibao cha kuchorea chenyewe kinadai maelezo kidogo, na mwalimu wa fizikia atakifurahia. Kibao cha awali chenye sifa kilikuwa kile cha shirika la RAND la Marekani, kilichoelezwa mwaka 1964: uso wa inchi 10 kwa 10, wenye wavu wa nyaya uliowezesha kutofautisha mahali zaidi ya 1,000,000. Katika vibao vingi vya leo mna wavu wa nyaya vilevile, lakini kalamu haina waya wala betri. Nyaya hupitishiwa mkondo geu, nao huzalisha uga sumaku unaobadilikabadilika. Ndani ya kalamu mna koili na kapasita zilizolinganishwa na masafa hayohayo, nazo huitikia kama mtoto aliye kwenye pembea anayesukumwa kwa wakati wake. Kisha nyaya huacha kutuma na kuanza kusikiliza. Mtetemo wa kalamu husikika kwa nguvu zaidi katika waya ulio karibu nayo, na kwa kulinganisha nguvu hizo kati ya waya na waya, mahali pa kalamu hujulikana kwa usahihi mkubwa. Kugandamiza ncha hubadilisha kidogo mlingano wa kalamu, na badiliko hilo husomwa kuwa mgandamizo, katika vibao vingi kwa ngazi 8,192, yaani 2 kipeo 13.

Ncha ya nyuma nayo haina kitu kinachofuta. Ina ishara yake tu, inayoiambia kompyuta: sasa nimegeuzwa. Programu ndiyo inayoamua maana ya ishara hiyo. Kibao hutuma taarifa za mahali ilipo kalamu zaidi ya mara 100 kwa kila sekunde, na mkono unaosugua kwa haraka huku na huku, kama ilivyo desturi ya raba, huleta mamia ya nukta kwa muda mfupi. Kusugua karatasi huku na huku kuna maana, kwani raba huondoa unga wa penseli kidogokidogo. Kusugua hati ya vekta hakuna maana yoyote isipokuwa kuyachafua maelezo yake.

Waanzilishi wa fani hii waliliona jambo hilo mapema. Ivan Sutherland alipoandika tasnifu yake ya udaktari juu ya Sketchpad huko MIT mwaka 1963, programu yake haikuwa na raba. Mchoraji alielekeza kalamu ya mwanga kwenye kitu na kubonyeza kitufe cha kukiondoa, nacho kiliondoka kizima. Zaidi ya hayo, nukta ikiondolewa, mistari iliyoitegemea iliondoka pamoja nayo, kwa kuwa mstari usio na mwisho wake si mstari. Ni utaratibu mkali, lakini ni wa kweli: unamfundisha mchoraji kwamba mchoro ni vitu na mahusiano, wala si wino.

Programu za siku hizi zimekuwa na huruma zaidi, na pengine huruma hiyo imezidi. Inkscape, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2003 na iwezayo kutumiwa na shule yoyote bila kununua leseni, ina kifutio chenye tabia tatu chini ya jina moja. Kwa tabia ya kwanza, kila kitu kilichoguswa huondoka kizima, kama katika Sketchpad. Kwa tabia ya pili, umbo hukatwa kwa namna iliyokwisha elezwa. Kwa tabia ya tatu, sehemu iliyopitiwa hufichwa tu. Umbo zima limo bado ndani ya hati nyuma ya kizuizi, na kizuizi kikiondolewa linaonekana tena. Mwalimu anayesema tu "chukua kifutio ufute" ametoa amri tatu tofauti kwa pamoja, na mwanafunzi atatii ile iliyoachwa na mtu aliyetumia kompyuta kabla yake.

Kwa kazi za shule, tabia ya pili ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa kuwa inafanana na raba, na ndiyo isiyofaa kuliko zote. Sababu si ya kiufundi tu. Mchoro mzuri wa moyo wa binadamu, au wa mkato wa Bonde la Ufa, si mali ya siku moja. Unatumika darasani, unaingia katika mtihani wa muhula, unapewa mwalimu wa shule jirani, unarekebishwa majina yake kutoka Kiingereza kuwa Kiswahili. Vielelezo vya sayansi vyenye maneno ya Kiswahili bado ni vichache, na mwalimu anayetengeneza kimoja anawatengenezea wengi. Mchoro uliokatwakatwa kwa kifutio waweza kuonekana safi kwenye karatasi, lakini anayeurithi atafungua hati na kukuta ventrikali moja imekuwa vipande sita. Neno lililokatwa huwa baya zaidi, kwa sababu ili likatwe hugeuzwa kwanza kuwa maumbo. Tangu hapo si neno tena; haliwezi kuhaririwa, wala kutafutwa, wala kutafsiriwa. Mwalimu wa pili ataona ni afadhali kuchora upya, na kazi ya wa kwanza imepotea.

Kuna wanaopinga maoni ya namna hii, na hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kijana huvutwa na kuchora, wala si na nodi. Kwamba kalamu na kifutio humwezesha kueleza alichokiona kabla woga haujamshika. Na kwamba ukimwanzishia somo kwa majiranukta utamfukuza. Ni kweli kwamba jani lililochorwa kwa kalamu inayohisi mgandamizo lina uhai ambao kipanya hakiwezi kuuleta. Ni kweli pia kwamba mchoraji stadi hutumia kifutio cha kukata kama patasi, akilichonga umbo jeusi mpaka sura itokee, na kazi hiyo ni halali. Lakini mchongaji anajua kwamba anachonga. Mwanafunzi wa mfano ule wa seli alidhani anafuta. Kinachodaiwa hapa ni kwamba aambiwe tangu siku ya kwanza, naye akishaambiwa, asugue atakavyo.

Aidha, hoja ya kuwavutia vijana imeanza kutumiwa kuzishawishi shule zinunue vibao vya kuchorea kabla hazijawa na kompyuta za kutosha. Hapo hapana budi kusema wazi kwamba kibao si sharti la uchoraji wa vekta. Sehemu kubwa ya michoro ya vitabu vya kiada, kama vile mirija, sakiti, pembe, mishale na ramani sahili, huchorwa vizuri zaidi kwa kipanya na kwa kuandika namba, kwa kuwa inahitaji kingo safi kuliko mkono mwepesi. Kibao kimoja kwa klabu ya sayansi chaweza kutosha, kwa ajili ya wale wanaochora mimea, wadudu na mifupa kutokana na vitu halisi. Hao nao wafundishwe kuchora rasimu katika tabaka lake peke yake, ambamo kifutio kiruhusiwe kufanya fujo zote, kisha mchoro wa mwisho uchorwe juu yake kwa nodi chache, na tabaka la rasimu liondolewe lote mara moja. Kivimbe cha ukuta wa seli hakihitaji kifutio kabisa: kinarekebishwa kwa kuishika nodi iliyokosewa na kuirudisha mahali pake.

Jaribio moja lafaa kufanywa na kila darasa lenye angalau kompyuta moja. Mwalimu aandike katika faili ya SVG mpindo wa nukta zile nne kama ulivyo: M 0,0 C 0,8 8,8 8,0. Herufi M ni amri ya kwenda mahali pa kuanzia, na C ni amri ya kupinda kwa nukta tatu zinazofuata. Kwenye skrini mpindo utaonekana umegeuzwa juu chini, kwa kuwa katika SVG namba za wima huongezeka kwenda chini. Kisha aufungue katika Inkscape, aitake programu iandike majiranukta kamili, achague nodi zote mbili na kuongeza nodi mpya katikati yake, ahifadhi, na kuifungua hati upya katika programu ya maandishi. Wanafunzi waliotangulia kuifanya hesabu kwa rula wafungue madaftari yao wakati huo. Hati itakuwa na M 0,0 C 0,4 2,6 4,6, na baada yake 6,6 8,4 8,0, namba zilezile walizokwisha kuziandika kwa penseli.